Dogo kahamishiwa kudaka kwenye besiboli, eti kama Buster Posey. Wanaoujua huu mchezo njooni mnisaidie

Anko_wa_Tabata

Habari za jioni wakuu. Mi sio mtu wa besiboli kabisa, mi ni Yanga na ngumi kidogo basi, ila nakaa na mpwa wangu hapa Tabata, mtoto wa dada, yuko form three, na shuleni kwao kuna hii besiboli waliyoileta Wajapani, dogo kaipenda kuliko msosi. Mwaka jana wote alikuwa anacheza ile nafasi ya katikati ya besi ya pili na ya tatu (besi ni vile vituo wanavyokimbilia), wanaiita shotistopu, anaokota mpira unaoserereka anageuka hewani anarusha, hata mimi nisiyeelewa kitu nilikuwa naona huyu mtoto anajua. Sasa wiki iliyopita kocha kamwambia kuanzia leo wewe ni kecha. Yaani yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji kavaa chuma usoni na mavazi kama fundi wa kuchomelea, mpira ukimpita anaenda kuufuata mwenyewe ukutani huku watu wanakimbia besi.

Mimi nikajua moja kwa moja kashushwa. Si mnakumbuka chandimu, anayekaa golini ni yule asiyejua, au mnene, au mwenye mpira akishachoka. Nikasema kesho naenda kumuuliza kocha mwanangu kakosea wapi. Cha ajabu dogo mwenyewe hajanuna, kaja anachekelea, ananiambia anko hujui kitu, Buster Posey nae alianza shotistopu chuoni wakamhamishia kudaka ndo akawa hatari. Toka siku hiyo ni Posey asubuhi Posey jioni, bando langu linaishia kwa Posey.

Sasa naomba kujuzwa, huyo Posey huko chuoni alikuwa kweli wa kutisha au dogo kapewa pipi ili asigome? Na hiyo kazi ya kuchuchumaa ina usalama wowote? Dada yuko Songea, akisikia mwanae kavunjwa meno na mpira ntakayejibu ni mimi.

Bishoo_Mstaafu

Kuchuchumaa masaa mawili na nusu juani halafu unarushiwa jiwe? Huyo dogo akienda JKT atawaona maafande wanamtania tu 😂

Nakaa hapa nasubiri wajuzi. Mi nilicheza rede tu, tena na akina dada zangu.

Ticha_wa_Upanga

Anko kwanza usiende kumgombeza kocha wa watu, utaaibika. Kwenye besiboli hakuna anayetupwa kwenye ukecha kama golini kwenye chandimu, ni kinyume chake. Kocha akikutazama akaona una mkono wenye nguvu, huogopi, na kichwa chako kinafanya kazi kuliko cha wenzako, hapo ndo anakuja kukuharibia maisha kwa kukuvika yale machuma. Wachezaji wote wa timu inayolinda wanautazama uwanja wakiwa wameupa mgongo uzio wa mbali, isipokuwa kecha peke yake, yeye anawatazama wao. Kwahiyo ndo anaona kila kitu. Anamwambia mrushaji arushe mpira wa aina gani na uende kona ipi, kwa vidole anavyoficha katikati ya mapaja, na hao wa ligi kuu Marekani toka 2022 wameruhusiwa kutumia kidude cha kubonyeza lakini kazi ni ileile. Ni golikipa, kapteni na kocha msaidizi kwa mkupuo, na bado zamu yao ya kupiga ikifika anaenda kupiga kama wengine.

Sasa Posey. Jina lake Gerald Dempsey Posey, Buster ni la utani, kazaliwa 1987 kule Leesburg, jimbo la Georgia, mji mdogo mdogo tu. Alivyomaliza sekondari 2005 timu ya Angels ilimchagua raundi ya 50 ya ule uchaguzi wa kila mwaka ambao timu za kulipwa zinachagua vijana kwa zamu, na raundi 50 wakati ule ndo ilikuwa ya mwisho kabisa, ni kama kuitwa ukaangalie mazoezi. Akakataa, akaenda chuo, Florida State, mji wa Tallahassee, chini ya kocha Mike Martin, yule mzee aliyestaafu 2019 akiwa na ushindi zaidi ya 2,000 na bado hajawahi kubeba ubingwa wa taifa wa vyuo hata mara moja (hilo nalo ni uzi wake, siku nyingine).

Mwaka wa kwanza 2006 akacheza shotistopu, tena vizuri sana, kwahiyo dogo wako hajakudanganya, sio kwamba alikuwa mbovu wakamtafutia pa kumficha. 2007 wakamvika machuma. Fikiria mtu yuko mwaka wa pili wa chuo, ana jina tayari, wenzake wa nafasi ile wamekuwa makecha toka wana miaka nane, yeye anaanza kujifunza kuchuchumaa, kuzuia mpira unaodunda kwa kifua na sio kwa mikono, kunyanyuka na kurusha mpaka besi ya pili. Hapo kutoka nyuma ya mpigaji mpaka besi ya pili ni karibu mita 39, na ukitaka kumkamata mwizi wa besi, yule anayechomoka kwenda besi ya mbele kabla mpira haujapigwa, una kama sekunde 2 tu toka mpira unapogusa glavu yako mpaka ufike kule. Sekunde mbili ukiwa umechuchumaa! Mwaka uleule wa kwanza wa kudaka akaingia kwenye wanaogombea tuzo ya kecha bora wa vyuo nchi nzima.

Halafu ikaja 2008, na hapa naomba msome taratibu. Kwenye besiboli mtu akienda kupiga mara kumi akafanikiwa mara tatu huyo ni staa, anajengewa sanamu. Posey 2008 alipiga .463, yaani kwa kila mara kumi anakaribia tano, homurani 26 (mpira unaopigwa mpaka nje ya uzio), na upigaji wake ukaleta pointi 93. Aliongoza vyuo vyote vya daraja la kwanza kwa wastani huo. Na hapo tunamzungumzia mtu aliyetoka kuchuchumaa nyuma ya kila mpira wa timu pinzani, kisha anavua machuma jasho linatiririka anachukua beti. Alafu mechi zikibana anapelekwa kilimani, pale anaposimama mrushaji, kurusha yeye, kufunga mechi. Kuna mechi ya Mei 12, 2008 na Savannah State, alicheza nafasi zote tisa uwanjani kwenye mechi moja, na katikati ya huo utani akapiga homurani besi zote zikiwa zimejaa wakimbiaji. Mwaka huo akabeba Golden Spikes ambayo ndo tuzo ya mchezaji bora kabisa, akabeba Dick Howser, tuzo nyingine ya mchezaji bora wa vyuo, akabeba na ya kecha bora iliyokuwa inaitwa Johnny Bench. Timu ikafika fainali za Omaha, hapo ndo haikwenda mbali, mwaka ule walibeba Fresno State.

Na yule wa raundi ya 50 akachaguliwa namba 5 nchi nzima na San Francisco Giants, wakampa dola milioni 6.2 kwa kusaini tu kabla hajadaka mpira hata mmoja.

Bishoo_Mstaafu

milioni sita nukta mbili za DOLA kwa kuchuchumaa???

Anko huyo dogo mpe chakula kizuri. Na mimi naanza mazoezi leo usiku.

Mpenda_Namba

Ticha umeeleza vizuri ila hizo namba za chuo msizimeze bila maji. Vyuoni kule hawatumii beti ya mti, wanatumia ya aluminiamu, na beti za miaka hiyo ya 2008 zilikuwa kama zina springi ndani, mpira ukigusa tu umeondoka. Mambo yalizidi mpaka wenyewe NCAA, wasimamizi wa michezo ya vyuo Marekani, wakaleta kipimo kipya mwaka 2011 cha kuzipunguza makali zifanane na mti, na mara moja homurani vyuoni zikashuka. Sasa Posey kapiga hiyo .463 kabla ya hicho kipimo. Mi simkatai, nasema tu tusilinganishe bei ya mchele wa 2008 na wa leo.

Kwangu mimi kecha wa chuo ni Adley Rutschman wa Oregon State, huyo kapiga kwenye beti zilizopoozwa. 2018 kabeba ubingwa wa taifa kule Omaha na kwenye hizo fainali akapiga hiti 17 (mapigo yanayomfikisha besi salama), rekodi, akawa mchezaji bora wa mashindano. 2019 kapiga .411 na wakawa wanamwogopa, wanamrushia nje makusudi aende besi ya kwanza bure. Kuna mechi ya mtoano na Cincinnati besi zote zimejaa, ukimpa bure maana yake unajifunga goli mwenyewe, na wakampa! Waliona bora wapoteze pointi moja kuliko apige. Namba 1 nchi nzima mwaka huo, Baltimore Orioles, dola milioni 8.1. Na alivyoingia chuo alikuwa anapiga na mpira wa miguu ule wa Kimarekani, yeye ndo alikuwa anaanzisha mpira, na siku moja akamwangusha Christian McCaffrey mwenyewe, staa wa mchezo ule. Mpiga mpira wa kuanza anamwangusha McCaffrey jamani, hiyo ni sawa na refa kumkaba Feisal.

Ticha_wa_Upanga

Mpenda Namba hoja ya beti naikubali, ni kweli kabisa na wengi hawaijui. Ila jiulize, hizo beti zenye springi alikuwa nazo Posey peke yake? Nchi nzima walikuwa nazo, vyuo karibu 300, na bado yeye ndo aliyekuwa juu. Na alivyoenda kwenye mti hakupotea kama wengi wanavyopotea. 2010 akawa mchezaji mpya bora wa ligi yao ya National na timu ikabeba ubingwa, ikabeba tena 2012 na 2014. Mwaka 2012 akapiga .336 akaongoza ligi kwa upigaji, na toka 1942 hakukuwa na kecha aliyewahi kufanya hivyo kwenye ligi ile, miaka 70! Akawa MVP, mchezaji bora wa ligi. Sasa hiyo nayo ilikuwa springi?

Na huyo Rutschman wako 2019 alibeba tuzo ya kecha bora wa vyuo si ndio? Ile iliyokuwa inaitwa Johnny Bench. Kaangalie mwaka huohuo walikuwa wameibadilisha jina inaitwaje.

Mpenda_Namba

Daah. Buster Posey Award 😂😂

Sawa Ticha, hiyo umenifunga, tena kwa kichwa kona ya dakika ya tisini. Lakini ubingwa wa Omaha Posey hana na wangu anao, siondoki na mikono mitupu.

Mama_Kecha

Naona wanaume mmeanza kubishana tuzo wakati anko aliuliza swali la maana hamjamjibu, usalama. Nijibu mimi maana mwanangu anadaka mwaka wa pili huu na Jumamosi nyingi niko pale kwenye uwanja wa besiboli wa Azania na kiti changu cha plastiki na mwavuli, najua jua la pale kuliko kocha.

Anko, huyohuyo Posey mnaemsifia Mei 25, 2011 alivunjwa mguu. Ilikuwa wanacheza na Florida Marlins, mechi imefika raundi ya 12, mkimbiaji wao anaitwa Scott Cousins anatoka besi ya tatu kuja nyumbani, kituo cha mwisho cha kupata pointi anapokaa kecha, na enzi hizo sheria ilikuwa inaruhusu umpige kikumbo kecha ili mpira umtoke. Akaja mzima mzima kama bodaboda iliyokata breki. Posey mguu ukabaki umekunjika chini yake, mfupa ukavunjika na kano za kifundo zikachanika, msimu ukaishia hapo. Mimi hiyo video niliiangalia mara moja tu sirudii. Makelele yakawa mengi mpaka 2014 ikaletwa sheria kwamba mkimbiaji haruhusiwi kubadilisha njia ili amgonge kecha, na kecha nae haruhusiwi kuziba njia kama hana mpira. Watu wanaiita sheria ya Buster Posey mpaka leo. Kwahiyo hilo la kugongwa kwa sasa limepungua sana, waambie tu watoto wafundishwe hivyo toka mwanzo, maana kuna wazazi wengine pale uzioni wanapiga kelele "mwingie! mwingie!" kama vile tuko Kariakoo na sio mechi ya watoto.

Kinachobaki ni magoti. Hapo sikudanganyi. Mechi moja anachuchumaa na kunyanyuka zaidi ya mara mia. Posey mwenyewe Giants walikuwa wanampumzisha kwa kumweka besi ya kwanza, 2018 akafanyiwa upasuaji wa nyonga, na 2021 akastaafu ana miaka 34 tu, tena msimu huohuo kapiga zaidi ya .300 na timu imeshinda mechi 107. Angeweza kuendelea akachukua hela, akasema basi. Siku hizi ndo bosi wa masuala ya mchezo pale pale Giants, toka 2024, anakaa kwenye kiti. Kiti jamani, sio kuchuchumaa.

Kwahiyo mimi nafanya hivi kwa wangu. Hadaki siku mbili mfululizo, kocha nilimwambia kwa heshima na akaelewa. Anakunywa maji kabla hajasikia kiu kwasababu ndani ya yale machuma ni tanuru. Kinga ya uso, kifua na shingadi za timu zipo, wanaazimana, lakini kinga ya nyeti usikubali aazime ya mtu, hiyo mnunulie yake, na usione aibu kumwambia muuzaji unataka nini, mimi mwanamke niliulizia nikiwa na mama mkwe pembeni na nikapata. Na mkono ambao hauna glavu mfundishe aufiche nyuma ya mgongo au nyuma ya kifundo cha mguu wakati mpira unakuja. Watoto wanapenda kuuacha mbele, mpira ukiguswa kidogo na beti unabadilisha njia unakuja kwenye vidole. Wangu kidole cha shahada mpaka leo kimepinda kidogo, anajisifu nacho.

Bishoo_Mstaafu

Mama Kecha hapo kwa mama mkwe pembeni nimecheka mpaka konda kaniangalia.

Mazoezi ya leo usiku nimeahirisha, magoti haya nayapenda.

Ticha_wa_Upanga

Mama Kecha hapo kwenye mkono wa nyuma umesema jambo ambalo hata makocha wengine wanasahau. Niongezee moja, glavu. Ya kecha sio ile yenye vidole vitano ya shotistopu, ni nene, ya mviringo, haina vidole, imejazwa kama mto. Akidakia ile yake ya zamani kiganja kitavimba. Anko usimwache aende hivyo.

Anko_wa_Tabata

Wakuu Mungu awabariki, nimesoma yote, mengine nimesoma mara mbili. Kumbe yule kocha nilitaka kwenda kumtukana bure. Dogo nimemsomea hapo kwenye raundi ya 50 mpaka namba 5, kanyamaza kimya halafu akasema "hiyo nilikuwa naijua". Hivi hawa watoto wa sikuhizi kuna kitu hawakijui?

La mechi moja nafasi tisa hakuwa analijua lakini. Hapo nilimpata.

Sasa sikilizeni, kabla hata sijasoma ya Ticha, mimi leo mchana nilishapita Karume kwenye mitumba, nikakuta jamaa ana glavu moja kama mliyoisema kabisa, nene, mviringo, kama mto wa kiti, yeye mwenyewe hajui ni ya nini alikuwa anasema ni ya kutolea sufuria kwenye oveni. Alianzia elfu thelathini nikamshusha mpaka kumi na tano. Ngozi nzima haijachanika hata uzi. Nimefika nyumbani nimeivaa, imenikaa vizuri kabisa mkono wa kulia. Jumamosi namtoa nayo.

Mama_Kecha

Anko subiri. Imekukaa mkono wa kulia?

Anko_wa_Tabata

Ndio, kulia, hata kidole gumba kimeingia chenyewe.

Mama_Kecha

Dogo anarusha kwa mkono gani?

Anko_wa_Tabata

Kulia.

Mpenda_Namba

🤦🏾‍♂️

Mama_Kecha

Glavu inavaliwa mkono usiorusha anko. Hiyo ni ya mtu wa mashoto, na makecha wa mashoto wanahesabika kwa vidole ndo maana ilikuwa imekaa pale Karume inasubiri wewe. Kesho wahi kabla hajafunga biashara, muulize kama anabadilisha.

Bishoo_Mstaafu

Akikataa nipigie, mimi nina oveni.